Kinoa au choroko?

Mapishi ya afya ya mtandaoni hupenda kinoa, zile punje za kigeni zinazopikwa kama wali. Kweli ina protini na nyuzinyuzi nyingi kuliko wali mweupe, sikatai. Lakini hapa Unguja bei yake inakata maini, na ukishaipika watoto wanaichokoachokoa tu, baba yao anauliza wali uko wapi.

Choroko nazo zina protini na nyuzinyuzi, tena sokoni Darajani zimejaa magunia. Zichemshe mpaka zipasuke, tia kitunguu, bizari na tui la pili. Kasimile, lile tui zito la kwanza, ndiyo yenye mafuta mengi, basi kijiko kimoja mwishoni kinatosha kuleta ile harufu (bila hiyo watakususia). Chumvi punguza, ndimu ongeza. Wali pakua, ila upawa mmoja. Choroko ndiyo ijae sahani. Mie kinoa nawaachia wageni.