TAHADHARI: Jamaa wa rangi ya makunyanzi anayepaka manifodi za Subaru, karibu aniulie injini

Wadau nawasalimu. Naandika hii nina hasira na nina aibu, nimekaa nayo wiki nzima nikisema ninyamaze yaishe, lakini juzi nimeona amepost kazi nyingine na watu wanamuuliza bei, nikasema hapana, huyu mtu atamwulia mtu injini.

Gari ni ile Subaru Impreza STI yangu, wengi mnaijua. Na tatizo ni la manifodi, lile bomba la juu ya injini linalogawa hewa kwenda kwenye silinda, rangi yake nyekundu ya kiwandani yenye makunyanzi ilianza kubanduka tangu mwaka jana, kwanza kidonda kidogo kama kucha karibu na throto (mlango wa hewa ya injini), halafu ikawa inatoka magamba magamba, ukifungua boneti unakuta aluminiamu imeota unga mweupe. Kwa STI ya 2004 wala siyo ajabu, miaka 20 na kitu ya joto na kupoa, na sisi wenyewe kila mara tunapiga injini maji ya presha pale kaoshi. Lakini mimi ilikuwa inaniuma. Kila nikifungua boneti naona kama nimeshindwa kuitunza.

Sasa sikieni nilivyoingizwa mjini.

Nilimpata Instagram, nikaenda mwenyewe kwake Ilala siku ya Jumamosi, sikutuma mtu. Akanivutia kiti, akamtuma dogo maji ya baridi, akaniita mkubwa. Halafu akaingia nyuma akatoka na kitu kimefungwa kwenye taulo. Akafungua taratibu, ndani tapet kava (kifuniko cha juu cha injini) ya Mitsubishi Evo, nyekundu, ile ya injini ya 4G63, herufi za MITSUBISHI zinang'aa aluminiamu tupu, na makunyanzi yake wadau, madogo, yamejaa sawasawa kila kona, unaona kama ganda la pasheni lililonyauka. Akaniambia "pitisha ukucha hapo mkubwa." Nikapitisha. Akasema "kwa nguvu." Nikakwaruza kwa nguvu, haikutoka kitu. Akanigeuzia upande wa pili, nikakwaruza tena. Nikamuuliza hii umepaka wewe? Akasema "hii nimeitoa kwenye tanuri Jumatano." Alinitazama machoni kabisa, macho makavu.

Halafu akaanza kunieleza kazi yenyewe, na hapa ndipo aliponimaliza. Akasema rangi hii haikunji kwa uchawi, inapigwa nzito, ngozi ya juu inawahi kukauka huku ya chini bado mbichi, ile ya juu inatanuka haina pa kwenda ndiyo inajikunja. Ukipiga nyepesi inabaki laini kama rangi ya geti. Na wadau hilo ni kweli tupu, nimekuja kusoma baadaye ni hivyo hivyo. Akasema inapigwa mikono mitatu, wa kwanza wa kulala, wa pili wa kusimama, wa tatu wa mshazari, dakika tano tano katikati, halafu inaingia kwenye joto. Hiyo nayo ni kweli. Akanionyesha na kopo la rangi ya VHT, nikalitikisa mwenyewe, lina rangi ndani. Sasa niambieni, mtu anaongea hivyo, ana kopo, ana sampuli mkononi, ningemkataa kwa lipi? Mimi siyo mtu wa kudanganywa na bei ya chini, na wala hakuwa na bei ya chini. Alitaka 280,000 kwa manifodi peke yake, baada ya siku tatu akaomba 70,000 ya tanuri eti gesi imepanda. Jumla 350,000. Nikatuma zote. Jina likaja la mwanamke, akasema ni wife ndiye anashika hesabu. Nikaona poa, hata mimi mke wangu ndiye anashika.

Siku tatu alizoniahidi zikawa kumi na sita. Mara umeme, mara mvua, mara fundi wa tanuri kafiwa. Gari iko Tabata kwa fundi wetu imefunikwa turubai, tundu za hewa za kichwa cha injini tumeziba kwa tambara safi, nikipita nakuta vumbi juu ya turubai roho inaniuma.

Siku ya kumi na sita analeta kwa bodaboda, hakuja mwenyewe. Imefungwa kwenye gazeti. Usiku, taa ya barazani hafifu, nikafungua nikaona nyekundu inang'aa nikafurahi jamani, nikampigia simu nikamshukuru. NIKAMSHUKURU. Hili ndilo linaninyima usingizi kuliko hata hela.

Asubuhi naipeleka Tabata. Fundi akaishika, hakusema kitu, akaisogeza kwenye mwanga. Akaniuliza "hii ndiyo rangi ya makunyanzi?" Nikaangalia vizuri. Haikuwa na makunyanzi, ilikuwa na vipele. Vipele kama ukuta wa rafu, kama mtu kachovya sponji kwenye rangi ya dukani akawa anadonoa donoa. Sehemu za chini ambazo sponji halikufika ni laini kabisa na kuna michirizi imeganda kama mshumaa. Pembeni fundi akaingiza ncha ya bisibisi ikanyanyuka ngozi, na chini yake wadau kulikuwa na rangi YA ZAMANI. Magamba yale yale. Hakukwangua hata nusu, kapaka juu yake. Na uso wa gasketi, pale manifodi inapokaa kwenye injini, kaupaka rangi pia, mnene, maana yake tungeifunga vile hewa ingevuta pembeni na sailensa, ule mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, isingetulia milele. Fundi akachukua tambara lenye petroli kidogo apafute pale, tambara likatoka jekundu kama limefuta damu. Rangi haijaiva, haijawahi kuona tanuri wala jiko la mkaa.

Nikasema basi, hela imeenda, tutapaka upya. Nilidhani yameishia hapo.

Fundi akatandika gazeti juu ya meza, akainamisha manifodi, akagonga mara mbili na mpini wa nyundo. Ukamwagika mchanga.

Siyo vumbi. Mchanga, ule mweusi wa kupigia chuma kutu, unasikika unavyoanguka kwenye karatasi, chwaa. Akaweka hewa ya kompresa bomba la kwanza, ukatoka mwingine. La pili. La nne ndiyo ulitoka mwingi, nusu kijiko cha chai. Kumbe zile sehemu alizokwangua alizipiga mchanga bila kuziba tundu hata moja. Nyie mnajua Subaru ilivyokaa, manifodi iko juu katikati, mabomba yanashuka huku na huku moja kwa moja kwenye vichwa viwili. Ukiwasha tu mchanga wote unaingia silinda, unakwaruza ukuta, unakula ringi, unashuka kwenye oili, unamalizia beringi. Injini ya EJ20 ya kwenye STI utaipata wapi leo na kwa shilingi ngapi? Nilikaa chini kwenye tairi, miguu haikunibeba.

Nikampigia. Sikilizeni jibu. "Mkubwa hiyo rangi inataka joto, ifunge tu washa gari, joto la injini litaiivisha." Anajua amepiga mchanga. Anajua hakuziba. Na bado ananiambia niwashe! Na hata hilo la joto ni uongo, hii ni manifodi ya hewa siyo ya ekzosi, haipati joto la kuivisha rangi kila sehemu. Nilipomwambia kuhusu mchanga akakata. Nikatuma picha, tiki mbili za bluu, halafu picha yake ya profaili ikapotea. Kaniblock. Ukurasa kaubadilisha jina siku ile ile, ila picha ni zile zile.

Nimeenda kituoni, nina RB. Askari wa kwanza aliniambia hayo ni madai nyinyi mlikubaliana kazi, nikamwambia afande mtu ameniambia katumia tanuri na hana tanuri, kachukua 70,000 ya tanuri, hiyo siyo kazi mbaya huo ni wizi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ipo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, na kwa sababu anawanasa watu mtandaoni waiangalie na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Simtaki apigwe, asije mtu akaniambia twende na vijana. Namtaka GEREZANI. Atoe hela, akae ndani, na ile laini ya "wife" ifungwe, namba nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Mtu anayekuambia uwashe injini yenye mchanga siyo fundi aliyekosea, huyo anaua mali ya watu akiwa anacheka, na laiti fundi wangu angekuwa na haraka siku ile mimi leo ningekuwa natafuta injini.

Watu wameniuliza nilishindwaje kumgundua. Dalili zilikuwepo, nakubali, nazitaja kama zinavyonijia. Tapet kava ile ni ya kiwandani, hajapaka yeye, nimeirudia kwenye picha zake zote ni ile ile moja, ina mkwaruzo mdogo karibu na kifuniko cha oili, miezi na miezi "imetoka tanuri Jumatano." Hakunipeleka nyuma kuona tanuri. Hakuniuliza gasketi wala kuziba tundu wala rangi ya zamani ataitoa na nini, alizungumzia kupaka tu. Jina la kwenye muamala. Bodaboda usiku. Na mwenye Toyota Altezza wa Mbezi amenitafuta inbox, tapet kava yake ilirudi na mchanga umejificha kwenye ile bati ya ndani ya kava, yeye aliwasha.

Manifodi iko kwangu sebuleni kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kesho inarudi kwa fundi itolewe rangi yote kwa dawa, bila mchanga, hata ikikaa aluminiamu tupu sijali. Mwenye picha za kava ile nyekundu yenye mkwaruzo karibu na kifuniko cha oili, au aliyetuma hela kwa jina la mwanamke kwa kazi hiyo hiyo, anitafute leo au kesho, Alhamisi narudi kituoni na nataka tuwe zaidi ya wawili.