Msokoto au vepa: hela ya mpenda bangi inaenda wapi?

Msokoto hauna gharama ya kuanzia, karatasi na kiberiti basi umemaliza, ila sasa piga pafu moja halafu anza stori na washkaji, moto unaendelea kula mzigo wako bila hata kukuuliza na ule moshi unaopaa pembeni ni hela yako ileile. Vepa ya majani makavu bei yake inauma mwanzoni, hapo sibishi, lakini yenyewe inapasha majani kwenye nyuzi 160 mpaka 220 hivi za Selsiasi bila kuyaunguza, kwahiyo mzigo mdogo unaenda mbali, na lami na kaboni monoksidi zinapungua sana, japo usije ukasema mapafu yako salama.

Halafu kuna hili wengi wanalitupa jalalani: majani yanayobaki kwenye vepa, yale ya kahawia, joto limeshaamsha THC (ile kemikali ya bangi inayolevya) iliyobakia, watu wanayachanganya kwenye siagi (ukila subiri hata masaa mawili, usiongeze kwa pupa!). Jivu la msokoto utalifanyia nini?

Usumbufu wa vepa ni kuchaji, na kusafisha ule utomvu kwa spiriti, uvivu ukikushika inaziba. Na kusokota kwenyewe ni hobi bana, kuna mtu ukimnyima karatasi zake umemnyima nusu ya raha.

Mimi wa wikendi tu ningebaki na msokoto. Anayevuta kila siku, vepa.