TAHADHARI: "Ajenti" wa risasi za rivolva za zamani, usimtumie hata shilingi

Ndugu zangu, hasa nyinyi wenye rivolva za wazee zenye leseni, iwe uko Tororo, Mbale, Jinja au Kampala, kuna kijana anazunguka anauza risasi anaziita "za kujilinda, kali kuliko za polisi". Mimi ameshanila laki mbili na nusu, na ningekuwa mjinga kidogo zaidi angenila na vidole.

Nieleze vizuri. Niko na Webley Mark IV, rivolva ya Mwingereza, ya marehemu mzee, ile ya kukunjika katikati, alipofariki tuliipeleka polisi nikaomba leseni kwa jina langu, ikachukua miezi nikakaribia kukata tamaa lakini ikatoka. Nanunua mahindi, msimu wa mavuno pesa inalala ndani, ndiyo maana niko nayo. Shida ni risasi, za mzee zimebaki sita na praima, yaani kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti, zimeota kutu ya kijani, hizo hata mbwa sitishi nazo.

Sasa huyu kijana akapata namba yangu, sijui kwa nani, akajitambulisha ni ajenti wa duka lenye leseni Kampala. Nikamwambia yangu ni thelathini na nane (.38, kipimo cha upana wa risasi) ya Webley. Akacheka. "Mzee, thelathini na nane ni thelathini na nane, usijali." Hiyo sentensi ishike, ukiisikia kata simu hapo hapo.

Kwa sababu si kweli hata kidogo. Risasi ya Webley hizi ni ile ya .38 S&W, yaani Smith na Wesson, kiwanda cha Marekani, ganda lake (ile shaba inayobeba baruti) ni fupi na nene kidogo. Ile anayouza yeye ni .38 Special, ganda refu, jembamba kidogo, na presha yake iko juu. Chukua tochi uangalie silaha yako, nyingi za Mwingereza zimegongwa alama za majaribio, yangu imeandikwa .38 halafu .767 halafu tani 3½, hicho ni kipimo cha presha. Hiyo .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, ganda la Special ni 1.155. Hapo hauhitaji profesa.

Basi nikatuma deposit kwa mobile money (jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke, nikajiambia labda ni mke wake, eh banange ujinga wangu), tukakutana stage ya taxi akanipa boksi la risasi hamsini na risiti yenye mhuri wa bluu mzuuuri, ya Nasser Road kabisa, ile mitaa ya Kampala ya kuchapisha karatasi feki. Nikamwambia salio nitatuma nikishazikagua.

Nyumbani nikafungua silinda, nikaweka moja. Ikaingia ikagoma, ikabaki imetokeza nyuma karibu sentimita moja, bunduki haifungi. Nikampigia. Unajua alisema nini? Eti hiyo si shida mzee, kuna fundi wa kukereza vyuma Kampala, anachimba silinda kidogo inakubali, laki moja tu. Yaani anakuuzia risasi isiyo yako halafu anakuuzia na kuharibu bunduki ili ikubali.

Na hilo la kuchimba silinda si jipya, baada ya vita vya pili Smith & Wesson nyingi zile za modeli ya Victory zilizotengenezwa kwa ajili ya Waingereza zilichimbwa hivyo hivyo ili ziuzwe. Matokeo yake ganda la Special linacheza ndani ya tundu pana, linavimba tumbo, mara linapasuka, na kichwa cha risasi ni chembamba kwa mtutu kwa hiyo hata shabaha hakuna. Hizo Smith angalau ni fremu nzima. Webley inashikiliwa na bawaba na lachi, iliundwa kwa presha ndogo. Kiwango cha juu cha .38 S&W ni 14,500 psi (pauni kwa inchi ya mraba), Special ya kawaida 17,000, na plasi P (+P, ile iliyoongezwa presha) ni 20,000. Na boksi langu lilikuwa limeandikwa +P!

Lakini ngoja, kumbe hata hiyo plasi P ilikuwa ya boksi tu. Nilizimwaga juu ya meza nikageuza matako juu, nikakuta maandishi ya viwanda vitatu tofauti kwenye boksi moja. Maganda yana mikwaruzo pembeni, yaani yameokotwa yakajazwa upya, na moja nilishika kichwa kwa vidole kikazunguka kama kizibo cha soda. Baruti iliyomo anaijua Mungu na aliyejaza. Ikizidi, silinda inapasuka mkononi. Ikipungua, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, unasikia "pu" ndogo, na kwa hofu unavuta tena, ya pili inaikuta ya kwanza humo humo.

Kwa wale wenye Smith au Colt za zamani za .38 Special yenyewe, msije mkasema hii haiwahusu. Plasi P imeanza kuitwa hivyo miaka ya 1970, bunduki ya kabla ya hapo haikuundwa ikiifikiria, na Smith zisizo na namba ya modeli, yaani kabla ya 1957, usizilishe hiyo kitu. Special ya kawaida ya kiwandani inatosha, yenye kichwa cha grein 158 (grein ni kipimo cha uzito) cha madini laini ya risasi, au ile bapa ya grein 148 ambayo kichwa kimekatwa kama kwa kisu, hairuki sana mkononi na unapiga unapolenga. Ya Webley ni .38 S&W ya kiwandani, grein 145 hivi, basi. Duka lenye leseni likisema hamna, hamna, funga bunduki kwenye sefu ulipe askari wa usiku. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa, na mbwa nimeongeza.

Halafu kuuza risasi bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Silaha ya 1970, na wewe ukikutwa nazo bila karatasi ya kweli utaeleza nini? Boksi nimelipeleka mwenyewe polisi nikaandika statement. Afande aliyepokea akaniambia, "Mzee, kabla ya kulipa ungetuuliza tu kama hilo duka lipo." Sikuwa na jibu.

Jana jioni kijana kanipigia kwa namba nyingine. Anauliza salio, na kama nimeshaamua lini naenda kwa fundi.