Amplifaya ilikuwa inavuma, fundi akaiponya mvumo akaiua sauti

Napiga solo kwenye bendi ya harusi hapa Tabora, na Tabora si mji wa kubahatisha gitaa. Ndio mji wa bendi ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Wapo wazee hapa ambao bendi ikianza wanamsikiliza mpiga gitaa kabla ya mwimbaji. Kwa hiyo mtu akinichezea sauti ya amplifaya yangu amenichezea riziki, na naandika nikiwa bado nina hasira.

Amplifaya yenyewe ni ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, ya siku nyingi, saketi yake imefuata mtindo wa amplifaya za Marshall. Kitambo kidogo nyuma ikaanza kuvuma. Unaiwasha, hujagusa hata uzi, spika inanguruma. Mvumo huo unajulikana asili yake: umeme wa ukutani ni hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, ukishageuzwa kuwa disi, umeme wa upande mmoja kama wa betri, unabaki na mawimbi ya hezi 100, na kazi ya kuyatuliza mawimbi hayo ni ya zile kapasita kubwa za pawa, vifaa vya kutunza umeme. Ndani zina majimaji ya kemikali ambayo miaka ikipita yanakauka. Yakikauka, mvumo unapita moja kwa moja hadi kwenye spika.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja anayesifiwa sana pale mjini. Jina lake na la duka lake nitayaacha. Kwenye suala la mvumo sina la kumlaumu, na lazima niseme hivyo ingawa moyo hautaki. Alichomoa plagi, hakukimbilia kushika kitu. Akachukua rizista kubwa, kile kifaa cha kubana umeme, upande mmoja akaubana kwenye bodi la chuma, upande wa pili akaugusisha kwenye kila kapasita, kisha akaweka mita na kusubiri volti zishuke kutoka mia nne na ushee mpaka karibu na sifuri. Wapo wanaojiita mafundi wasiojua kwamba kapasita hizo zinaweza kukuua hata plagi ikiwa mkononi mwako. Huyu anajua. Akaweka mpya, akawasha, kimya kabisa. Ningebeba mzigo wangu wakati ule ningempa nyota tano.

Akasema na zile kapasita ndogo za katikati ya valvu, zinazopitisha sauti na kuzuia disi, zimezeeka. Nikamjibu: pima, inayovuja toa, nzima iache. Maana inayovuja kweli ni hatari, inapitisha disi hadi kwenye gridi, mlango wa sauti wa valvu ya mwisho, na valvu inaweza kuwaka mpaka bati lake la ndani linakuwa jekundu. Akaitikia, "Sawa mzee wangu, usijali."

Harusi iliyofuata, wimbo wa kwanza tu, nikashuka nyuzi za chini kumjibu mpiga besi. Hola! Nikaongeza besi kwenye amplifaya hadi mwisho, bado sauti ni nyembamba, imebana puani kama redio ndogo ya betri zilizokwisha. Mpiga rizimu ananitazama. Bibi harusi anacheza, mimi natamani kushuka jukwaani.

Nilipofungua nyuma nikaona. Zile mbili zinazopeleka sauti kwenye valvu za mwisho zilikuwa zimeandikwa 223. Sasa pamekaa mpya zilizoandikwa 222. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya sifuri: 223 ni pikofaradi 22,000, yaani mikrofaradi 0.022 kwa kipimo cha kapasita, na 222 ni 2,200 tu. Umepunguza mara kumi! Mbele yake kuna rizista ya kilo-omu 220. Piga hesabu: kwa 0.022 sauti inaanza kukatwa kuanzia hezi 33 hivi kushuka, chini ya noti zote za gitaa. Kwa 0.0022 inaanza kukatwa kuanzia hezi 330 hivi kushuka. Uzi wa sita wa gitaa ukiupiga wazi ni hezi 82. Yaani nyuzi zangu nene zote zimebaki upande unaokatwa.

Nikarudi dukani kwa upole kabisa, nikamwonyesha namba. Hakutoa hata spika ya simu sikioni. Akasema, "Mzee, kapasita ni kapasita. Masikio yako ndiyo yamechoka." Wateja wamejaa, wakacheka. Kijana wa umri wa mwanangu! Sijawahi kumvunjia mtu heshima kazini kwake, na shikamoo yake ya siku ya kwanza niliipokea kwa moyo.

Kapasita ni kapasita? Amplifaya nyingi za Fender zinatumia 0.1 mahali pale pale, Marshall inatumia 0.022, na hiyo ni sababu mojawapo ya moja kuwa na besi pana na nyingine kukaza katikati. Wapiga gitaa wanabishana usiku kucha kuhusu kapasita ya plastiki hii na ile, ya karatasi na mafuta, ya rangi ya chungwa. Mimi naona zikiwa na thamani sawa na hazivuji, tofauti hiyo ni ndogo sana ukiwa jukwaani. Thamani yenyewe ukiikosea, hata mpishi wa harusi atasikia.

Zile 223 za zamani alinirushia juu ya meza, nikazipima: nzima zote mbili. Fundi mmoja mstaafu wa reli akanirudishia, na sauti yangu ikarudi yote.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumpa nyota tatu, kwa ajili ya pawa. Sasa nikikumbuka kile kicheko nampa moja. Mwenye amplifaya inayovuma bado naweza kumwambia ampelekee, ila asimame pale pale mpaka kifuniko kifungwe. Hapana, hata hivyo asiende. Na pesa ya zile 222 hajanirudishia mpaka leo.