Antena ya kolinia ya UHF: ya kebo au ya waya wa shaba?

Antena ya kolinia ni vipande kadhaa vilivyopangwa katika mstari mmoja; UHF ni mawimbi ya redio ya megahezi 300 hadi 3000. Kwa megahezi 435, nusu ya urefu wa wimbi hewani ni kama sentimita 34.5. Ndani ya kebo ya RG-58 (waya wa kati uliozungukwa na wavu wa nje) wimbi husafiri kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga, ndiyo maana kila kipande hukatwa sentimita 22.7 hivi. Waya wa kati wa kipande kimoja hulehemiwa kwenye wavu wa nje wa kinachofuata, kwa kupokezana hadi juu. Ni rahisi mfukoni, lakini vipande vinane ni viungo vingi vya kulehemu. Na jihadhari: kebo yenye povu ndani ina kasi kubwa zaidi, vipimo hivyo haviifai.

Antena ya waya mnene wa shaba ni nusu wimbi, mkunjo wa kupatanisha awamu, yaani mawimbi ya nusu zote mbili yaende pamoja (robo wimbi kwenda, robo kurudi), kisha nusu wimbi nyingine, zote waya mmoja. Sehemu ya kuungia kebo chini ndiyo inayosumbua. Bila mita ya SWR (inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudishwa na antena) utabahatisha. Inazidiwa nguvu na ile ya vipande vinane, ingawa kuzidisha vipande mara mbili hakuongezi zaidi ya desibeli 3 (nguvu maradufu).

Kwa paa la nyumba ya Nyali au Likoni, kule pwani Mombasa, nachagua waya bila kusita. Unyevu wa chumvi hupenya wavu wa kebo na kuula kimyakimya. Shaba nene hubadilika rangi tu. Ukiiweka ndani ya paipu ya PVC, pima upya, kwani plastiki hushusha masafa (frikwensi) ya antena, na toboa tundu chini maji yatoke.