Mguu kifundo wa mwanangu: plasta si kazi, kazi ni viatu

Mwanangu alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, zinatazamana. Mkunga alisema ni mguu kifundo na unatibika. Zahanati ya mtaani kwetu ikaniambia nisubiri afikishe miezi sita, "mifupa ikomae". Mama mkwe naye akauliza, kwa upole wake, kama kwenye ujauzito niliwahi kumcheka mlemavu. Nilisubiri wiki tatu, uvumilivu ukaisha. Nikamfunga vizuri kwenye khanga, nikapanda daladala hadi hospitali moja kubwa hapa Dar yenye kliniki ya miguu ya watoto. Jina silitaji, maana manung'uniko ninayo.

Yule mtaalamu aliushika mguu kwa vidole vyake, akaubembeleza kuelekea nje. "Mama, sasa hivi ndiyo wakati wenyewe, mguu bado laini." Wanatumia njia ya Ponseti, jina la daktari wa Kihispania aliyeianzisha Iowa, Marekani, miaka ya 1940. Mguu unanyooshwa kidogo kidogo kwa mkono, unafungwa plasta ngumu (hogo, kwa lugha yetu ya mtaani) kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Wiki ijayo inafunguliwa, unanyooshwa tena, inafungwa nyingine. Sisi tulifungwa mara sita.

Nilijiandaa kwa vilio. Nesi akaniambia nimnyonyeshe wakati wanafunga, naye akanyonya mpaka akasinzia. Jasho lilinitoka mimi. Kabla hatujaondoka akabonyeza kidole gumba cha mtoto. Kikapauka, akaachia, wekundu ukarudi. "Nyumbani fanya hivi. Damu isiporudi, vidole vikivimba, au vikizama ndani ya plasta usivione, njoo hapo hapo, usingoje siku ya kliniki." Usiku ule nilibonyeza vidole kumi mpaka mume wangu akaninyang'anya tochi.

Mwishoni walikata kano ya kisigino kwa ganzi ya sindano. Nilikuwa nimeogopa neno "kukata" wiki nzima, kumbe ni dakika chache tu. Ikafuata plasta ya wiki tatu, kano iunge tena ikiwa ndefu kidogo.

Kwa kazi ya mikono sina cha kuwadai. Foleni ndiyo inayoua. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unatoka saa tisa, umempakata mtoto mwenye plasta mbili nzito kama mawe. Plasta ya zamani inabidi ilowekwe kwanza ndipo ifunguliwe, na siku moja kina mama wote tuligombania mabeseni mawili.

Ila kubwa zaidi ni viatu. Ni jozi iliyounganishwa kwa chuma, vidole vinatazama nje. Miezi mitatu ya kwanza vinavaliwa saa 23 kwa siku, baada ya hapo usiku na usingizi wa mchana mpaka mtoto afike miaka minne. Miaka minne! Nilielezwa hayo huku naokota begi langu niondoke. Usiku wa kwanza alilia hadi adhana ya alfajiri, wa pili vilevile. Wa tatu nikavivua, "kidogo tu".

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Mbagala tuliyekaa naye benchi moja. Wa kwake alivuliwavuliwa hivyo hivyo, mguu ukarudi kupinda, wakaanza plasta upya. Akanifundisha: soksi ya pamba, mkanda wa katikati ukazwe kwanza, hakikisha kisigino kimekaa chini kabisa, chuma kizungushie kitambaa kisikuumize wewe wala ukuta. Mchana cheza naye, umkunje na kumnyoosha miguu yote miwili kwa pamoja, azoee kwamba sasa inakwenda pamoja. Baada ya siku nne alilala. Maneno haya yalipaswa kutoka kwa mwenye koti jeupe, tena wiki ya kwanza ya plasta, na yabandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Leo ana miaka miwili na anakimbia, nyayo zimetua chini zote. Kitambaa cha kwenye chuma anakivua mwenyewe siku hizi, halafu usiku anagonga ukuta. Mpangaji wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama tunajenga. Nimemwambia avumilie, bado miaka miwili.