TP-Link Archer T2U Plus: Wi-Fi kwa kompyuta ya mezani iliyo mbali na ruta

Kompyuta za mezani zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika katika maofisi ya nje, nyingi zikiwa Dell OptiPlex na HP, mara nyingi huja bila Wi-Fi, kwa sababu huko zilikotoka ziliunganishwa kwa waya uliopitishwa ukutani. Mnunuzi hulibaini hilo akishafika nyumbani, anapotafuta alama ya mtandao kwenye kona ya skrini asiione. Nami nililibaini hivyo hivyo. Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa kopi mjini Morogoro, vyumba viwili vya kupanga. Ruta iko chumba cha mbele, kompyuta iko chumba cha nyuma, na mwenye nyumba amekataa katakata ukuta wake utobolewe.

Kabla ya kuifikia Archer T2U Plus, adapta (kifaa cha kuipa kompyuta Wi-Fi) ninayoizungumzia hapa, nilianza na kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB, kisichozidi ukucha wa kidole gumba na kisicho na jina la kampuni, nilichouziwa shilingi 12,000. Nakieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa wengi huanzia hapo. Ndani ya pakiti kulikuwa na sidii ndogo yenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, ilhali kompyuta yangu haina mahali pa kuingizia sidii. Na kuipakua draiva hiyo kulihitaji intaneti, wakati intaneti yenyewe ilikuwa ikiisubiri draiva. Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Bosi, hiyo ni kuchomeka tu, inasoma yenyewe." Haikusoma. Kilichoniokoa ni simu: ukiiunganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha ukawasha kwenye mipangilio ya simu sehemu ya kugawa intaneti kwa njia ya USB, Windows huichukua simu hiyo kana kwamba ni kadi ya mtandao, na hapo draiva hupakuliwa bila shida. Kwa simu nyingi, kama simu yenyewe imeshaunganishwa na Wi-Fi ya ruta, hata bando lako haliguswi.

Kidude kikasoma, lakini nilipopima kasi nilipata megabiti 3 kwa sekunde katika kifurushi cha megabiti 20, na wateja wakisimama mlangoni mtandao ulikuwa ukikatika. Nilikuwa tayari kukilaumu kidude peke yake, hadi nilipopiga magoti nikaangalia kilipokaa: nyuma ya kasha la kompyuta, chini ya meza, kikiwa kimeegemea ukuta. Kasha hilo ni la bati, na bati huzuia mawimbi; isitoshe, nilikuwa nimekichomeka kwenye tundu la USB 3.0, lile la rangi ya buluu, kando ya diski ya nje. Intel ilieleza tangu mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa pekee ambayo kidude kile kilikuwa kikiyatumia.

Archer T2U Plus niliinunua kwa shilingi 48,000, na pembeni nikanunua waya wa kurefushia USB wa mita moja kwa shilingi 5,000. Ni adapta ya kuchomeka nayo pia, ila ina antena ndefu ya 5 dBi (kipimo cha nguvu ya antena) inayoinuka na kugeuka, na inashika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kwenye boksi imeandikwa AC600, na tarakimu hiyo isimdanganye mtu: ni megabiti 200 za masafa ya kwanza na megabiti 433 za masafa ya pili, zikajumlishwa kisha zikapunguzwa ili zisomeke vizuri, ilhali adapta hutumia masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Hata hizo 433 ni kasi ya maabara. Kwa mtu mwenye kifurushi cha megabiti 20 au 50 hayo yote ni ya ziada. Kinachomhusu ni kama mawimbi yanafika.

Nilipoichomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta, mahali pale pale pa kidude cha kwanza, nilipata megabiti 9. Nilipoiweka kwenye ncha ya ule waya na kuifunga kwa utepe juu ya rafu, antena ikiwa imesimama, nilipata 14 kwenye gigahezi 2.4 na 19 kwenye gigahezi 5. Kwa maneno mengine, waya wa shilingi 5,000 ulinisaidia karibu sawa na kubadilisha adapta yenyewe. Kwangu mimi gigahezi 5 imefaa kwa sababu kati ya ruta na rafu kuna ukuta mmoja tu wa tofali za saruji. Masafa hayo huchoka haraka yakikutana na kuta, hivyo mwenye kuta mbili au tatu atalazimika kurudi kwenye 2.4. Vilevile ruta yenyewe iwe na gigahezi 5, jambo ambalo vile viruta vidogo vya laini ya simu mara nyingi havina.

Mipaka yake ni ya wazi. Haina Bluetooth, inatumia USB 2.0, na ni Wi-Fi 5, yaani kizazi cha tano cha Wi-Fi, wakati Wi-Fi 6 imeshakuwa jambo la kawaida. Anayetaka zaidi ya hapo atazame kadi ya Wi-Fi ya kufungwa ndani ya kompyuta yenye chipu ya Intel AX210, lakini akague kwanza kama ubao mama (bodi kuu ya ndani ya kompyuta) una nafasi ya PCIe, yaani tundu la kuchomekea kadi, iliyo wazi na kama kasha ni lile jembamba linalohitaji kadi yenye bamba fupi la kuifungia. Pia akumbuke kwamba Bluetooth ya kadi hizo haifanyi kazi mpaka waya wake mdogo uchomekwe kwenye pini za USB za ubao mama, na kwamba kompyuta yenye Windows 7 haitapata draiva yake kutoka Intel. Halafu antena za kadi nyingi hufungwa nyuma ya kasha, yaani nyuma ya lile bati tulilolikimbia, isipokuwa ziwe na kitako chenye waya wake. Mwenye ruta kuukuu inayoweza kupokea Wi-Fi na kuitoa kwa waya anaweza kuiweka kando ya kompyuta asinunue chochote.

Nimeitumia adapta hii kwa miezi saba, ikihudumia maombi ya mikopo ya wanafunzi, fomu za ajira na barua pepe za watu wasio na barua pepe. Siku moja kasi ilishuka hadi megabiti 6, nikaanza kuilaumu kampuni ya intaneti. Kumbe dada anayenisaidia alikuwa amefuta vumbi kwenye rafu na kuihamishia antena nyuma ya kabati la chuma la mafaili, "isionekane ovyo mbele ya wateja." Tuliirudisha juu ya rafu, na nimebandika karatasi pale: Isiguswe.